Uchambuzi wa Kisa: Mashine ya Kuoshea Vyombo ya Bei Nafuu au ya Hali ya Juu? Uamuzi wa Familia Moja ya Mombasa

Usuli

Familia inayozungumziwa hapa inaishi katika orofa ya juu kabisa ya jengo la orofa nne kisiwani Mombasa. Majina, mtaa na kila alama ya kuwatambulisha vimeondolewa. Nyumbani mna watu saba: mume, ambaye kazi yake ni kutoa mizigo bandarini, mke, ambaye ni mwalimu, mama mzazi wa mume, na watoto wanne. Dada wa kazi huja asubuhi na kuondoka alasiri, kwa hivyo vyombo vya chakula cha usiku vilikuwa vikimngoja mke au binti mkubwa, na binti huyo alikuwa ameingia mwaka wa mtihani. Mwezi wa Ramadhani mzigo huo ulikuwa ukiongezeka maradufu, kwa kuwa nyumba hiyo haikosi wageni wa futari.

Wazo la kununua mashine ya kuoshea vyombo lilikubaliwa na wote, lakini aina ya kununua ikawa mzozo. Mume alikuwa ameona dukani mashine ya hali ya juu yenye kioo cha kugusa, mlango unaojifungua wenyewe na uwezo wa kuendeshwa kwa simu, akaona kwamba kitu kinachonunuliwa mara moja kinunuliwe kizuri. Mke alitaka ya bei ya chini kabisa, kwa hoja kwamba sahani ikitakata imetakata, na zile mbwembwe hazimwongezei kitu. Bibi hakuegemea upande wowote, ila aliuliza swali moja: “Mwanangu, hayo maji ya kuipa hiyo mashine yako wapi?”

Niliitwa kushauri wakati mzozo huo ukiendelea, na ninaandika kisa hiki kwa sababu swali la bibi ndilo lililoamua karibu kila kitu kilichofuata.

Mashine tatu zilizokuwa zikipimwa

Zote tatu zilikuwa na upana wa sentimita 60, umeme wa volti 240 na nafasi ya vyombo vya watu 12 hadi 14. Mashine ya kwanza, ambayo nitaiita A, ilikuwa na programu nne na bei ya takribani shilingi 48,000. Ya pili, B, iliuzwa kwa shilingi 62,000 na kwa macho ya haraka haikutofautiana na A. Ya tatu, C, ndiyo iliyompendeza mume, na bei yake ilikuwa shilingi 178,000.

Tofauti kati ya A na B haikuandikwa kwenye bango la dukani. Ilionekana tu pale sakafu ya ndani ya mashine ilipokaguliwa: B ilikuwa na kifuniko cha mahali pa kutilia chumvi, A haikuwa nacho. Chumvi hiyo hulisha kifaa cha kulainisha maji, ambacho ndani yake mna chembechembe zinazonasa kalisi na magnesi, yaani madini yanayoyafanya maji kuwa magumu, na kuyaachia maji sodiamu badala yake. Chembechembe zikishiba, maji ya chumvi huzisafisha ili zifanye kazi upya. Mashine nyingi zinazotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya huwa na kifaa hicho, ilhali nyingi za soko la Marekani na baadhi ya zile za bei ya chini kabisa hazina. Mteja asiyejua aangalie wapi hawezi kukitambua kwa kuitazama mashine kwa nje.

C ilikuwa na kifaa hicho pia, na ziada yake ilikuwa hii: mota tulivu zaidi, kelele ya desibeli 44 badala ya 52, trei ya tatu ya vijiko juu kabisa, trei ya katikati inayoweza kupandishwa na kushushwa, kihisi cha kupima uchafu wa maji, sehemu ya chini yenye mirusho mikali ya maji kwa ajili ya vyungu, na mlango unaojifungua kidogo mwishoni ili mvuke utoke.

Maji yalipopimwa

Wakazi wa Mombasa wanajua hali ya maji yao. Maji ya mfereji hutoka mbali, kwenye chemchemi za Mzima huko Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na vyanzo vya Marere na Tiwi upande wa Kwale, na hayatoshi mji. Jengo hili lilipata maji ya mfereji siku mbili kwa wiki. Siku nyingine wapangaji walitegemea kisima cha jengo, na maji ya vyanzo vyote viwili yalichanganywa katika matangi ya juu ya paa.

Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa, na bahari imekizunguka. Kwa hiyo maji ya visima vyake mara nyingi huwa na kasoro mbili kwa pamoja: ni magumu kwa sababu ya chokaa, na yana chumvi kwa sababu ya bahari inayopenya. Kasoro hizi mbili huchanganywa sana katika mazungumzo ya kawaida, nami nilishauri sampuli zipelekwe maabara ili zitenganishwe. Maji ya kisima yalionyesha ugumu wa takribani miligramu 480 kwa lita, ambao ni kama digrii 27 kwa kipimo cha Kijerumani kinachotumiwa katika vitabu vya maelekezo ya mashine hizi, na kloridi, ambayo ndiyo kipimo cha ile chumvi, ya takribani miligramu 600 kwa lita. Maji ya mfereji yaliyochotwa siku ya zamu yalikuwa na ugumu wa miligramu 210, na kloridi yake ilikuwa chini ya 100.

Ugumu wa digrii 27 ulikuwa ndani ya uwezo wa B na C, na kwa A ungekuwa msiba, maana gamba la chokaa lingeikalia hita na bilauri zingepata ukungu mweupe katika muda mfupi. Kloridi ndiyo iliyotatiza hesabu. Kifaa cha kulainisha maji hakiondoi chumvi hata kidogo, kiwe cha mashine ya shilingi 60,000 au ya 600,000. Chuma cha pua cha daraja la 304, ambacho ni cha kawaida katika vifaa vya jikoni, kwa desturi hushauriwa kisitumike katika maji yenye kloridi inayozidi miligramu 200 kwa lita, kwa kuwa huanza kutoboka vitundu vidogo, na joto huharakisha jambo hilo. C ingekula chumvi ile ile kama B, na tofauti ingekuwa thamani ya kitu kinachoharibika.

Kipimo cha pili kilikuwa cha msukumo. Maji yanayoshuka kutoka kwenye tangi hupata msukumo wa takribani bar 0.1 kwa kila mita moja ya kimo. Jiko la familia hii lilikuwa chini ya paa moja kwa moja, mita tatu hivi kutoka kwenye kitako cha tangi, kwa hivyo msukumo wake ulikuwa kama bar 0.3. Kitabu cha B kilitaka bar 0.4 kwa uchache, na cha C kilitaka 0.5. Mpangaji wa orofa ya kwanza katika jengo hilo hilo asingekuwa na tatizo hili.

Uamuzi na sababu zake

Familia ilinunua B, na shilingi 31,000 kati ya zile 116,000 zilizookolewa kwa kuiacha C zikatumika kutengeneza njia ya maji na umeme. Liliwekwa tangi dogo la lita 250 kwenye baraza ya nyuma, linalojazwa maji ya mfereji pekee siku za zamu. Liliunganishwa na pampu ndogo na chujio la mchanga, na kwenye soketi kikawekwa kifaa cha kulinda mashine dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Soketi yenyewe ilitengwa. Mashine hii hutumia wati 2,000 hivi inapopasha maji, na soketi ya ampea 13 hubeba takribani wati 3,100, hivyo haiwezi kugawana waya mmoja wa nyongeza na birika la umeme.

Hesabu ya tangi ndiyo iliyomtuliza bibi. Mashine ya namna hii hutumia lita 12 hivi kwa mzunguko mmoja, kwa sababu huyazungusha maji yale yale katika kila hatua, huyamwaga, kisha huvuta mengine kwa hatua inayofuata. Tangi la lita 250 basi hutosha mizunguko 20, na hata zamu ya maji ikipita bila kufika, dumu moja la lita 20 lililonunuliwa kwa mwenye mkokoteni hutosha kuosha vyombo vya siku nzima na kubakisha. Bibi alikuwa na wasiwasi mwingine, wa twahara, yaani usafi wa kidini, aliposikia kwamba maji huzungushwa. Alipoelezwa kwamba suuzo la mwisho hufanywa kwa maji mapya, na kwamba mabaki ya wali si najisi, aliridhika na kulifunga jambo hilo.

Kuhusu umeme, muuzaji alikuwa ameisifu C kwa uchache wa matumizi. Kwa programu ya kubana matumizi, B ilitumia uniti 0.93 kwa mzunguko na C uniti 0.75. Kwa mizunguko 350 kwa mwaka tofauti hiyo ni uniti 63, na hata uniti moja ikihesabiwa kuwa shilingi 30, akiba haifiki shilingi 2,000 kwa mwaka. Ingehitajika zaidi ya miaka 60 kuirudisha ile tofauti ya bei. Mume alikuwa mtu wa hesabu, na hapo ndipo alipoiacha C moyoni.

Zilikuwapo sababu nyingine mbili zilizopewa uzito mdogo kuliko zilivyostahili, nazo nitazirudia katika uchambuzi: sufuria za nyumba hii karibu zote zilikuwa za alumini, na chakula cha familia kilikuwa kikipakuliwa kwenye sinia.

Ufungaji na wiki za mwanzo

Mashine ilifungwa na fundi wa mabomba wa mtaani, ambaye kazi yake ya kawaida ni sinki na vyoo. Mpira wa kumwagia maji machafu aliutandaza chini na kuuingiza moja kwa moja kwenye tundu la sakafuni. Siku ya kwanza mashine ilifanya kazi kwa saa nzima ikivuta maji bila kukoma, tangi likaisha, kisha ikasimama na kuonyesha alama ya hitilafu. Mume alishuku mara moja kwamba bei ndogo imezaa ubovu, akataka kuirudisha dukani.

Mashine haikuwa na ubovu. Mpira wa kumwagia maji unapaswa kupanda kwanza hadi kimo cha kati ya sentimita 40 na 100 kutoka sakafuni kabla ya kushuka, na kitabu cha maelekezo kilisema hivyo kwa mchoro. Usipopanda, maji hujivuta yenyewe na kutoka kadiri yanavyoingia. Mpira ulipoinuliwa na kufungwa nyuma ya kabati, tatizo lilikwisha siku hiyo hiyo. C ingefungwa na fundi yule yule, kwa namna ile ile.

Kisa cha pili kilitokea mfuko wa chumvi ya mashine ulipoisha. Maduka yanayouza chumvi hiyo mjini ni machache, na bei yake si ya chumvi ya kawaida. Dada wa kazi, kwa nia njema kabisa, alitia chumvi ya mezani. Chumvi ya mezani ni laini mno, ina madini joto na dawa ya kuizuia isigandamane, na ndani ya kile kifaa iliganda kama tope. Baada ya muda bilauri zilianza kutoka na ukungu. Ilibidi chumvi yote ichotwe, pasafishwe kwa maji, na mizunguko kadhaa iendeshwe bila vyombo. Mtu mmoja wa nyumbani alipendekeza chumvi ya mawe kutoka kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kwa kuwa ni ya karibu na ni rahisi. Pendekezo hilo lilikataliwa, na kwa haki: chumvi ya bahari isiyosafishwa huja na kalisi na magnesi yake yenyewe, yaani yale yale yanayotakiwa kuondolewa, pamoja na mchanga.

Matokeo baada ya mwaka

Mashine inafanya kazi kila usiku, na mara mbili kwa siku wakati wa Ramadhani. Sahani, bakuli, vikombe na bilauri hutoka safi, na hakuna alama ya kutu ndani. Binti alifanya mtihani wake bila kusimama kwenye sinki usiku. Gharama ya matengenezo imekuwa ndogo: chujio la mchanga lilibadilishwa, na kifaa cha kulinda umeme kilikata mara kadhaa wakati wa mvua, kama kilivyokusudiwa.

Hata hivyo mke anakadiria kwamba mashine imempunguzia nusu tu ya kazi ya kuosha, ilhali alitarajia karibu yote.

Uchambuzi: yaliyofaa

Jambo lililofaa zaidi ni kuyapima maji kabla ya kuichagua mashine. Bila kipimo, familia ingechagua kati ya A na C, kwa maana ndizo zilizopiganiwa, na zote mbili zingeunganishwa na tangi la paa. Kipimo kilionyesha kwamba mpaka wenye maana katika nyumba hii ulipita kati ya A na B, kwa tofauti ya shilingi 14,000, na kwamba kuanzia B kwenda juu fedha zilikuwa na kazi bora zaidi nje ya mashine.

Ukaushaji ulikuwa hoja kubwa ya C, na hapa pia uamuzi ulisimama. B hukausha kwa joto lililobaki kwenye vyombo, na katika hewa nzito ya Mombasa mvuke uliofungiwa ndani hurudi kuwa matone, hasa juu ya vyombo vya plastiki. Familia ilijifunza kuufungua mlango kiasi cha kiganja mara mzunguko unapokwisha, na vyombo vya udongo na vya glasi hukauka kwa joto lake mwenyewe. Mlango wa C hufanya kitu hicho hicho usiku watu wakiwa wamelala, nao ni urahisi wa kweli kwa anayeutaka. Mvuke unaotoka B ikifunguliwa ungekuwa umeifumua mbao ya kaunta iliyo juu yake lau isingebandikwa utepe wa karatasi ya alumini chini yake.

Kelele haikuwa na uzito. Jiko la nyumba hii lina mlango, na sebuleni pangaboi halizimwi.

Uchambuzi: yaliyokwama

Sufuria ndiyo sehemu ambayo hesabu ya awali ilipwaya. Sabuni ya mashine hizi ni kali kwa namna ambayo huila ngozi ya alumini na kuigeuza kijivu hadi nyeusi, na weusi huo huachia mikononi na kwenye vyombo vingine. Mke aliliona hilo katika wiki ya kwanza kwa sufuria yake ya pilau na hakurudia. Mwiko, upawa, kibao cha mbuzi na tava ya chuma navyo haviingii: vya mbao hupasuka, na cha chuma hushika kutu. Kwa hiyo kazi nzito ya jikoni, ile ya ukoko wa wali na mafuta ya biriani, imebaki sinkini. Zile nguvu za C za kusugua vyungu zisingesaidia chochote hapa, lakini hilo halifuti ukweli kwamba familia ilinunua kifaa bila kuorodhesha vyombo vyake. Lau orodha ingeandikwa, sehemu ya fedha zilizookolewa ingeweza kununua sufuria mbili tatu za chuma cha pua tangu mwanzo. Wamezinunua sasa, moja moja.

Kosa la pili ni la sinia, na hapa C ilikuwa na haki. Viwango vya nafasi ya “watu 12” huhesabiwa kwa mlo wa Kizungu, ambapo kila mtu ana sahani kubwa, ya supu, ndogo, kikombe, kisahani na bilauri. Nyumba inayopakulia kwenye sinia na mabakuli makubwa haijazi mashine kwa mpango huo. Trei ya juu ya B imekazwa mahali pamoja, na sinia ya wastani hugusa mkono wa kurushia maji na kuuzuia usizunguke, hivyo vyombo vya juu hubaki na povu. Ingekuwa trei hiyo inapandishwa, sinia ingeingia. Kitu hiki hakihitaji bei ya C, kwa maana zipo mashine za bei ya kati zenye trei ya kupandisha. Nadhani hapa ndipo mzozo wa “nafuu au ghali” ulipoidhuru familia. Kila upande ulikuwa ukiitetea mashine yake nzima, na hakuna aliyechukua sinia ya nyumbani kwenda nayo dukani kuijaribu. Lingekuwa jambo la kuchekesha kidogo mbele ya muuzaji, na lingewaokoa usumbufu wa mwaka mzima.

Chujio la ndani nalo lilidharauliwa. Mashine ya bei ya chini haina kihisi cha kumwambia mwenyewe kwamba maji yamechafuka, na vyakula vya Pwani huacha vitu vigumu: maganda ya iliki, vijiti vya mdalasini, kokwa za ukwaju, miiba ya samaki. Vikikaa siku mbili kwa joto hili, harufu yake huifikia sebule. Sasa chujio huoshwa kila baada ya siku moja, na sahani hukung'utwa kwanza. Kuzisuuza kabisa kabla ya kuzipanga, kama bibi alivyokuwa akisisitiza, si lazima, na katika nyumba inayonunua maji ni hasara.

Kuna masharti ambayo yangebadilisha jibu. Nyumba yenye jiko lililo wazi kwa sebule ingehisi tofauti ya desibeli 44 na 52 kila usiku. Nyumba inayopata maji matamu ya mfereji kila siku kwa msukumo wa kutosha isingehitaji zile shilingi 31,000, na C ingekuwa karibu zaidi na mfuko wake. Mpangaji anayehamahama angefikiria mara mbili kuhusu tangi na pampu. Kwa familia hii, linalojadiliwa sasa ni kama mashine B iuzwe kwa jirani wa orofa ya kwanza, ambaye anakula kwenye sahani na ameshaiulizia, ili inunuliwe ya bei ya kati yenye trei ya kupandisha. Tangi, pampu na kifaa cha umeme vitabaki pale pale.